Nani Akabidhiwe Usukani?

Mnamo tarehe 1 Agosti 2011 nchi ya New Zealand iliinua umri wa kuanza kujifunza gari barabarani kutoka miaka 15 hadi 16. Mwaka mmoja tu. Kwa atazamaye kwa mbali hilo ni jambo la makarani na mihuri, halina la kumshughulisha mpenzi wa ushairi. Lakini nyuma ya mwaka ule mmoja limejificha swali ambalo makadhi, wazazi na wanafalsafa wamelizungusha tangu kale bila ya kulimaliza: kitu gani humtoa mtu katika utoto na kumwingiza katika utu uzima, na ni nani mwenye haki ya kusema kuwa wakati umewadia?

Swali hili huulizwa katika mambo mengi: ndoa, mali, kura, ushahidi mbele ya kadhi. Barabarani huulizwa kwa ukali zaidi, kwa sababu huko jibu baya halirudiwi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hiyo miaka 5 itazamwe vizuri. Mtoto wa miaka 5 hakuwa dereva. Alikuwa akivuka njia kwenda chuoni, au alikuwa amepakiwa kiti cha nyuma akichezea kifungo cha shati lake. Kwa hiyo mjadala wa umri wa dereva si mjadala wa dereva na serikali peke yao. Kuna mtu wa tatu ndani yake, ambaye hakuomba leseni wala hakuulizwa rai yake, naye aghalabu ndiye anayepoteza zaidi.

Kiswahili chenyewe kina ushahidi wake katika jambo hili. Gari lilipofika pwani lilikuja na maneno ya watu wengine. Jina lake lina asili ya Kihindi. Dereva na leseni ni maneno ya Waingereza. Lakini lile gurudumu analolishika dereva halikutafutiwa jina jipya. Liliitwa usukani, neno ambalo mabaharia walikwisha kulichukua kutoka Kiarabu, la ule ubao wa nyuma ya chombo unaokiongoza majini. Waliolihamisha neno hilo kutoka jahazini hadi garini huenda hawakukusudia hekima yoyote, ila neno halihami peke yake. Usukani baharini ni kitu cha kukabidhiwa. Haununuliwi pamoja na chombo, wala haurithiwi kwa kuwa baba alikuwa nao.

Katika majahazi ya Lamu, Unguja na Pemba kijana hakuulizwa miaka yake. Alianza kwa kufua maji na kupika, akaja akajua kamba na tanga, akaja akajua kuusoma upepo kabla haujafika. Usukani alishikishwa kwanza mchana, bahari ikiwa shwari, nahodha ameketi ubavuni mwake. Baada ya hapo ukaja usiku wenye nyota, na mwisho kabisa ukaja mlango wa bandari wenye miamba. Kilichohesabiwa ni misimu: kaskazi ngapi amesafiri, kusi ngapi. Asifiwe nahodha wa zamani, lakini asisifiwe kupita kiasi, kwani bahari nayo imemeza vijana wengi ambao hakuna aliyeandika majina yao. Tena ipo tofauti moja kubwa baina ya jahazi na gari. Jahazi likipinduka, aghalabu huzama waliolipanda kwa hiari yao. Gari likipoteza njia huenda likamwua mtu aliyekuwa amekaa barazani kwake. Ikiwa baharini ilihitajika subira, seuze barabarani.

Sheria ya Kiislamu, ambayo imelea fikra za watu wa pwani kwa karne nyingi, ina vipimo viwili vya ukubwa, na ni hasara kubwa kuvichanganya. Cha kwanza ni baleghe. Hiki ni kipimo cha mwili, na pale ambapo ishara za mwili zimechelewa, hutumika miaka. Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani hii, aliweka miaka 15 ya mwezi mwandamo. Asili ya hesabu hiyo ni kisa mashuhuri. Abdallah bin Umar alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume (S.A.W.) hakumruhusu kuingia vitani. Akajitokeza tena siku ya Khandaki akiwa na miaka 15, akaruhusiwa. Miaka mingi baadaye Khalifa Umar bin Abdulaziz aliposimuliwa habari hiyo, aliifanya kuwa mpaka baina ya mdogo na mkubwa, akawaandikia magavana wake waifuate.

Kisa hicho kina mafunzo mawili kwa wanaojadili umri wa leseni. La kwanza ni kuwa hesabu ya miaka ilitokana na jambo la hatari ya mwili, yaani nani aruhusiwe kuyakabili mauti, na barabara nayo ni jambo la namna hiyo. La pili ni kuwa kijana yule alirudishwa na hakutukanwa. Hakuambiwa kuwa ni mwoga, wala kuwa hana akili. Aliambiwa kuwa wakati bado. Huyo aliyerudishwa Uhud alikuja kuwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa umma wake, na ule mwaka mmoja wa kusubiri haukumpunguzia kitu.

Kipimo cha pili kinaitwa rushdi. Hiki si cha mwili bali ni cha busara: uwezo wa kulitumia jambo kwa namna isiyoleta madhara. Ni neno la ukoo mmoja na jina la Rashidi, ambalo vijana wengi wa pwani wanaitwa kila siku bila ya kukumbuka maana yake. Aya ya 6 ya Sura ya An-Nisaa inawataka walezi wa mayatima wawatahini mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao rushdi wawakabidhi mali zao, na siku ya kukabidhi waweke mashahidi. Yako mambo matatu hapo: mtihani, makabidhiano na ushahidi. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa sana katika darasa za pwani, anaeleza kuwa mtihani huo uwe wa jambo analolijua mtoto mwenyewe. Mtoto wa mfanyabiashara atahiniwe kwa kuuza na kununua, mtoto wa mkulima kwa mambo ya shamba, na mtihani urudiwe mara mbili au zaidi. Haitoshi kubahatisha mara moja.

Mkazo wa suala la leseni umo katika nafasi iliyo baina ya vipimo hivi viwili. Dola inapoandika miaka 16, au 17, au 18, inatumia kipimo cha kwanza. Inachokitaka kwa hakika ni kile cha pili. Hakuna mbunge anayeamini kuwa busara humshukia kijana usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa. Nchini Marekani, katika jimbo la South Dakota mtoto wa miaka 14 anaweza kupewa kibali cha kujifunza gari, ilhali katika jimbo la New Jersey hapewi leseni ya kuendesha peke yake mpaka atimize 17. Ubongo wa kijana haubadiliki kwa kuvuka mpaka wa jimbo. Kinachobadilika ni mahitaji ya watu wazima: huko mashamba ni mapana na jirani yuko mbali, huku barabara zimesongamana. Miaka, basi, haikusomwa katika maumbile ya mtoto. Ni mapatano ya wakubwa.

Hata hivyo mapatano hayo yasidharauliwe. Hesabu ya miaka ina fadhila moja ambayo busara haina: haipendelei. Mpima rushdi anaweza kumwonea haya mtoto wa tajiri, anaweza kumchukia mtoto wa jirani, anaweza kuona bahasha chini ya karatasi na busara ikaonekana ghafla mahali isipokuwapo. Miaka ni bubu mwaminifu. Haimjui mtu, haimsikilizi mtu. Kila palipo na watahini wanaonunulika, kuondoa mpaka wa umri na kuacha uamuzi kwa mtahini ni kuuweka usukani mnadani. Ndiyo maana jamii haiwezi kuishi bila ya hesabu, ijapokuwa hesabu hiyo haijui inachokipima.

Lakini bubu huyo ana mashitaka ya kujibu. Kijana wa miaka 16 aliye makini, asiyekunywa, asiyependa mashindano, anayemwendesha mama yake hospitali, atauliza: nimekosa nini? Mbona nafungiwa mlango kwa makosa ya wenzangu? Malalamiko haya ni ya kweli na hayajibiwi kwa kumwambia anyamaze. Kumhukumu mtu kwa kundi lake ni dhulma ambayo watu wa pwani wameionja sana katika historia yao, na wanajua uchungu wake.

Jibu lake ni hili. Umri si kama rangi wala kabila wala jinsia. Aliyenyimwa jambo kwa rangi yake atanyimwa maisha yake yote, na aliyepewa kwa rangi yake atapewa maisha yake yote. Umri ni mlango ambao kila mtu aishiye hupita, kwa zamu. Mwaka unaomzuia kijana wa leo ulimzuia kaka yake jana na utamzuia mdogo wake kesho. Mzigo unaobebwa na wote kwa zamu si ubaguzi. Ni mfano wa zamu ya maji kisimani. Tena kunyimwa leseni si adhabu. Adhabu humtazama mtu kwa alilolitenda. Leseni hutazama litakaloweza kumpata yule mtu wa tatu anayevuka njia.

Jibu hilo lina nguvu, lakini lina ufa. Mlango huo wote hupita, ila hawasubiri wote katika kivuli kimoja. Mtoto wa tajiri akingoja leseni hupelekwa na dereva wa nyumbani. Mtoto wa maskini aishiye mbali na mji akingoja leseni hukosa kazi, au hukosa shule. Ufaransa iliona ufa huo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 ilishusha umri wa leseni ya gari kutoka miaka 18 hadi 17, na hoja iliyotolewa ilikuwa ni kuwasaidia vijana kufika makazini na mafunzoni, hasa wa vijijini. Nchi moja imeinua, nyingine imeshusha, na zote mbili zimesema zinawapenda vijana wake. Huenda zote zinasema kweli. Lakini palipo na basi la uhakika kijana anaweza kungoja. Palipokosekana basi, kungoja ni kodi inayolipwa na maskini. Anayetaka kuinua umri, basi, anajibebesha deni. Akiongeza mwaka mmoja katika sheria, aongeze na njia ya kumfikisha kijana aendako.

Na je, miaka yenyewe huleta faida inayotarajiwa? Hapa elimu ya zama hizi imesaidia kulitenga jambo moja na jingine. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwachezesha watu mchezo wa gari katika kompyuta: wa miaka 13 hadi 16, wa miaka 18 hadi 22, na wa miaka 24 na zaidi. Wengine walicheza peke yao, wengine mbele ya rika zao. Vijana wadogo walipotazamwa na wenzao walijitia hatarini zaidi sana kuliko walipokuwa peke yao, ilhali kwa watu wazima kuwapo kwa wenzao hakukuleta tofauti kubwa. Kijana yule yule, macho yale yale, mikono ile ile. Lililobadilika ni nani yuko ubavuni. Mabaharia wangelielewa jambo hilo bila ya kompyuta. Akikaa nahodha ubavuni, kijana ni baharia. Wakikaa wenzake watatu wanaomcheka kwa kuogopa, kijana ni mtu mwingine.

New Zealand yenyewe ilikwisha kulijua hilo kabla ya mwaka 2011. Tangu mwaka 1987 ilikuwa na utaratibu wa leseni kwa daraja, nao ni miongoni mwa taratibu za mwanzo kabisa za namna hiyo duniani. Kwanza mwanafunzi huendesha akiwa na msimamizi. Kisha huendesha peke yake, lakini si baina ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, wala hapakii abiria bila ya msimamizi, isipokuwa wachache waliotajwa na sheria. Mwisho hupewa leseni kamili. Mchana kabla ya usiku, msimamizi kabla ya upweke, upweke kabla ya abiria. Ni daraja zile zile za jahazini, na ni mtihani ule ule wa kurudiwa alioutaja Nawawi, ijapokuwa waliouandika huko Wellington hawakuwahi kumsoma.

Marekani nayo iliiga. Florida ilianza mwaka 1996 na majimbo mengine yakafuata. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo ulionyesha jambo la kutia fikra. Katika majimbo yenye daraja kali, ajali za kuua zilizowahusu madereva wa miaka 16 zilikuwa pungufu kwa asilimia 26 zikilinganishwa na penye utaratibu usiokuwa na daraja. Lakini zile zilizowahusu madereva wa miaka 18 zilikuwa zaidi kwa asilimia 12. Sababu moja inayotajwa ni kuwa katika majimbo mengi daraja hizo humhusu aliye chini ya miaka 18 tu. Kwa hiyo baadhi ya vijana huona heri wangoje mpaka wafike 18, wachukue leseni kamili bila ya kupita daraja yoyote. Wamekua kwa miaka, lakini hawakuonja upepo. Ugeni wa usukani waliopaswa kuumaliza wakiwa na mtu ubavuni, wameuhamishia siku ambayo hawana mtu.

Hiyo ndiyo nukta ambayo wapendao kuinua umri peke yake huisahau. Miaka huongeza utulivu, haiongezi mazoea. Dereva mgeni wa miaka 21 ni mgeni vile vile, ingawa damu yake imepoa kidogo. Sheria ikiinua umri na isiweke daraja, imehamisha baadhi ya makaburi kutoka safu moja hadi nyingine. Ujerumani ilikwenda njia nyingine: tangu mwaka 2011, baada ya majaribio ya miaka kadhaa, kijana wa miaka 17 anaweza kuendesha gari nchini humo, lakini akiwa na mtu mzima aliyetajwa kwa jina katika hati yake. Jina hilo ndilo jambo kubwa. Yupo mtu anayejibu. Yupo shahidi wa makabidhiano.

Unyofu unadai liulizwe swali jingine. Ikiwa hoja ni hatari peke yake, mbona vidole vinaelekezwa kwa vijana tu? Wazee wa umri mkubwa nao hupungukiwa na macho na wepesi wa mikono. Japani inawataka madereva waliofika miaka 75 wapimwe kumbukumbu na uelewa wanapotaka kuhuisha leseni zao. Nchi nyingi hazithubutu, kwa sababu wazee wana kura na vijana hawana. Mwezi Novemba 2022, katika New Zealand hiyo hiyo, Mahakama ya Juu Kabisa ilitamka kuwa kuwanyima kura vijana wa miaka 16 na 17 hakuafikiani na haki ya kutobaguliwa kwa umri iliyomo katika sheria ya haki za raia. Pana adabu ya kisiasa ndani ya jambo hili. Anayewekewa mpaka na watu ambao hakuwachagua ana haki ya kudai kuwa mpaka huo uwe na sababu, na sababu hiyo iwaguse pia waliouweka.

Ikirejewa pwani, mjadala huu hubadilika sura. Katika Tanzania na Kenya umri wa leseni ya gari ni miaka 18, juu kuliko New Zealand hata baada ya kuinua. Kwa karatasi, pwani imekwisha kushinda hoja. Lakini karatasi haivuki barabara. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na mwaka 2010 Tanzania ikaweka kanuni za kuzitambua pikipiki na bajaji kuwa vyombo vya kubebea abiria. Pikipiki zikaenea mpaka mitaa ambayo haikuwahi kusikia injini. Zimeleta riziki kwa vijana wengi, na hilo lisikanushwe. Zimeleta pia mtoto ambaye miguu yake haifiki chini vizuri, ametumwa na mjomba wake akanunue mkate, hana kofia wala leseni, na njiani amempakia rafiki yake.

Hapo pana jambo la kutulia nalo. Mtoto huyo hakuiba ufunguo. Amepewa. Aliyempa ni mtu mzima, mwenye miaka yote inayotakiwa na sheria, na pengine mwenye tasbihi mkononi. Amempa kwa sababu mkate umechelewa, au kwa sababu anaona fahari kuwa mtoto wa nyumba yake amekuwa mwanamume mapema. Likitokea la kutokea, mtaa utasema ni kudura. Kudura haikanushwi na muumini, lakini haikuteremshwa ili iwe pazia la uzembe. Atakayeinua umri kutoka 18 hadi 20 mahali kama hapo hatakuwa amemwokoa mtoto yule wala rafiki yake. Ataongeza miaka miwili katika sheria ambayo tayari haimfikii.

Kumbe swali la umri limekuwa likiulizwa upande mmoja tu. Huulizwa kijana amefika umri wa kupokea? Haliulizwi la pili: mkubwa amefika umri wa kukabidhi? Aya iliyotajwa juu haikuwaambia mayatima wajitahini wenyewe. Iliwaambia walezi. Kazi ya kutazama, kurudia, kungoja na kushuhudia iliwekwa mabegani mwa aliye mkubwa, na ndiyo maana ya ule msemo mzito wa wahenga kuwa ukubwa ni jaa. Jaa hupokea taka za kila nyumba. Mkubwa hupokea lawama za wadogo, hupokea manung'uniko yao wanapoambiwa bado, hupokea usumbufu wa kukaa ubavuni mwa mwanafunzi jioni baada ya jioni ilhali mgongo unamuuma. Asiyetaka kuwa jaa bado hajafika ukubwani, hata akiwa na mvi.

Wahenga walisema pia kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika mambo mengi methali hiyo ina rehema ndani yake, kwani ulimwengu hupiga kisha ukaachia, mtu akapata kurudi akiwa amejifunza. Barabara haina tabia hiyo. Ni mwalimu ambaye mara nyingi huua mwanafunzi katika darasa la kwanza, na akaua pamoja naye mtu ambaye hakuandikishwa darasani. Mtoto hapelekwi kwa mwalimu huyo kabla ya kufunzwa nyumbani.

Basi umri uinuliwe au usiinuliwe? Pale ulipo chini kabisa, miaka 14 au 15, na uinuliwe, kwa sababu kungoja mwaka mmoja si aibu na mtu wa tatu hana njia nyingine ya kujikinga. Pale ulipokwisha kufika 18, kuuinua zaidi ni kujifariji kwa hesabu. Hapo inafaa ziwekwe daraja zenye mchana na usiku, zenye msimamizi mwenye jina, na zimpitie kila dereva mgeni hata akiwa na miaka 30. Na kila mahali, juu au chini, ufunguo uliotoka mkononi mwa mkubwa ukiua, mkubwa naye aulizwe.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake wasia kabla ya kumwachia dunia. Wapo leo wasiokubaliana na yote aliyomwusia. Lakini hakuna anayebisha juu ya tendo lenyewe, nalo ni kuwa mkubwa haondoki mlangoni bila ya kusema neno, wala hatoi kitu kizito mkono mtupu. Utaratibu wa leseni kwa daraja ni wasia wa namna hiyo, ulioandikwa kwa lugha kavu ya kanuni. Na mahali ambapo dola haijauandika, nyumba inaweza kuuandika. Hakuna sheria inayomkataza mjomba kwenda kununua mkate mwenyewe.